Kurasa Kumi na Mbili Zilizokatwa

Kazi ile ililetwa kiwandani kwa mkokoteni: vitabu mia sita vya sayansi, vimefungwa kamba mafungu ya ishirini ishirini, vipya kabisa, bado vinanukia wino. Mama Gundi alichomoa kimoja, akakipiga kofi mgongoni, akakitikisa kusikiliza kama kuna karatasi inayolegea. Hakuna. Uzi umekaza, jalada limeshika.

“Mzee, hivi umeletewa vya kujalidi au vya kupamba sebule?” akamwuliza mwenye kiwanda.

“Vya kukata,” alisema Mzee Chapa. Hakuwa na uzee wa kutisha, ila alikuwa mwenye mashine za kuchapa na mwenye mishahara, kwa hiyo wote walimwita mzee. Akafunua karatasi aliyoishika. “Kuanzia ukurasa wa 141 mpaka wa 152. Kamati ya wazazi ya shule imekaa, imeamua. Mwenyekiti mwenyewe kaniletea barua.”

Mrefu, mkunjaji wa karatasi, alikuwa ameshafika 141 kabla barua haijakunjwa. Akapiga mluzi. “Ahaa! Kumbe ni kule tulikotokea sote!”

Mama Gundi alichungulia kwa jicho moja. Kulikuwa na michoro ya mwili wa binadamu, vishale vikielekeza majina, na vichwa vya habari vyenye maneno ambayo yeye, pamoja na miaka yake arobaini na sita, hakuwahi kuyatamka mbele ya mtu. Uso ukamwaka moto. Akakifunga kitabu, na hapo ndipo alipotoa maneno ambayo baadaye angetamani kuyang'oa pamoja na ulimi:

“Afadhali zikatwe. Watoto wenyewe wa siku hizi hawajambo. Ukiwafundisha na haya, si ndiyo umewamaliza?”

Basi akazikata. Na Mama Gundi hakuwa mtu wa kazi ya lipualipua. Alikuwa kwenye meza ile miaka ishirini na miwili, vidole vimeganda gundi hata mvua haivisafishi, na ndiko jina lilikotoka. Aliweka rula ya chuma karibu kabisa na mgongo wa kitabu, akapitisha wembe mara moja, karatasi sita zikatoka pamoja. Akaacha kishina chembamba kama punje ya mchele ili kurasa za upande wa pili zisije zikapukutika, akapaka gundi kwa ncha ya brashi, akabana. Kitabu kikarudi kama kilivyozaliwa. Siku tisa, vitabu mia sita.

Mwenyekiti wa kamati alikuja kukagua. Alikuwa muuza saruji, mtu wa kifua na sauti, anayezungumza na watu watatu kama anahutubia mia tatu. Alifunua kitabu, akatafuta palipokatwa, akakosa. Akafunua cha pili. Akakosa.

“Mama! Wewe una mkono wa daktari wa upasuaji!”

Mama Gundi akacheka, akafuta mikono kwenye aproni. Alifurahi. Hilo nalo angekuja kulikumbuka.

Karatasi zilizokatwa zilitakiwa kuchomwa moto. Lakini Mzee Chapa alikuwa mtu wa kuokota hata pini sakafuni. Kuchoma karatasi kwake ilikuwa kama kuchoma ngozi yake. Akaamuru zishindiliwe kwenye magunia na kutupwa stoo, zikisubiri mnunuzi wa karatasi taka, ambaye alikuja alipojisikia.

*

Mama Gundi hakuzaa, lakini alikuwa na mtoto. Dada yake alifariki akimwacha binti wa miaka minne, naye akamchukua, akamlea kwenye chumba kimoja chenye pazia katikati. Binti alimwita mama mdogo, na Mama Gundi alimwita mwanangu, na wapangaji wenzao walisema wale wawili ni chanda na pete. Kula pamoja, kucheka pamoja, kununiana pamoja. Mama Gundi aliamini kwamba hakuna kitu mtoto yule anachoweza kumficha.

Na yeye je, alikuwa amemwambia nini? Siku binti alipovunja ungo, alimnunulia taulo za kike, akamwonyesha jinsi ya kuzivaa, akamwambia, “Sasa umekuwa. Jichunge.”

“Nijichunge na nini, mama mdogo?”

“Utajua ukikua.”

Huo ndio ukawa mwanzo na mwisho wa somo.

Alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, kwenye shule ileile ya vitabu mia sita, asubuhi alipoinama mezani akipiga pasi sketi ya shule na asiweze kuinuka. Mama Gundi alimkuta kajikunja, mkono tumboni chini ya kitovu, jasho linamtiririka na mwili unaunguza kuliko hiyo pasi.

“Ni tumbo tu,” binti alisema. “Litapoa. Huwa linapoa.”

“Huwa? Tangu lini huwa?”

Binti aliiweka pasi pembeni. Alivaa sketi yake, akachukua na mkoba wa vitabu, maana alisema akitoka zahanati atapitiliza shuleni, ana jaribio. Njiani walisimama mara nne ili apumue.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Alimpapasa binti tumbo, akaona alivyoruka, akamgeukia Mama Gundi. “Mama, naomba utoke kidogo.”

“Mimi ni mama yake.”

“Ndiyo maana nakuomba utoke.”

Akatoka, akakaa kwenye benchi la ukutani, hasira ikimpanda kidogo kidogo. Anatolewa nje kama mgeni! Miaka kumi na mitatu ya kulea, halafu mtu mwenye miwani ya uzi anamfungia mlango. Alikaa hapo karibu saa nzima. Mlango ulipofunguliwa, muuguzi alisema, “Kakubali mwenyewe uingie. Ila uingie kwa utulivu.”

Akaingia. Akaambiwa. Ni maambukizi, yanayopatikana kwa njia ya kujamiiana. Yalianza kama jambo dogo ambalo dawa za siku chache zingelimaliza. Lakini yameachwa miezi minne, yamepanda juu, yameingia kwenye kizazi na mirija yake.

Mama Gundi hakusikia mengine. Alisikia hilo moja tu, la namna yalivyopatikana, na mkono wake ukanyanyuka wenyewe. Muuguzi akasimama katikati, mfupi, kifua mbele.

“Ukimpiga humu ndani atajifunza kitu kimoja, mama. Atajifunza kutokuja tena.”

Mkono ukashuka. Binti alikuwa anatazama sakafu, machozi yanadondokea kwenye viatu vya shule.

“Maumivu ulianza kuyasikia, mbona hukuja?” muuguzi akamwuliza, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza njia.

“Nilidhani ni kawaida. Mkojo ulikuwa unaniunguza, wakaniambia sinywi maji ya kutosha, nikawa nakunywa. Halafu rafiki yangu akanipa vidonge alivyobakiza yeye. Nikameza viwili, ikapoa. Ikarudi.”

“Na kinga? Kondomu hamkutumia?”

“Walisema mara za mwanzo hakuna madhara.”

“Kina nani hao?”

“Watu tu. Darasani.”

Muuguzi akavua miwani, akaisugua kwa koti. “Lakini haya si mnafundishwa? Mbona yamo kwenye kitabu chenu cha sayansi? Mwanangu anasoma shule nyingine, anacho. Michoro, dalili, kinga, kila kitu.”

“Kitabu chetu hakina.”

“Kina. Lete nikuonyeshe.”

Binti akafungua mkoba, akatoa kitabu. Muuguzi akafunua, akalamba kidole, akafunua tena. Ukurasa wa 140 ulikuwa unamalizia habari za figo. Uliofuata ulikuwa 153, nao ulianza na jinsi ya kutunza udongo. Akapitisha kucha kwenye bonde la katikati ya kurasa, polepole, mpaka ikagota.

“Zimekatwa,” akasema. “Tazama. Tena aliyezikata ni fundi haswa. Hata huoni.”

Mama Gundi aliketi. Hakukuwa na kiti pale alipoketi. Alikaa kwenye mzani wa kupimia watoto, na hakuna aliyemwambia ainuke.

*

Binti alichomwa sindano, akapewa dawa za siku kumi na nne na onyo la kuzimaliza hata akijisikia mzima. Alipimwa pia virusi vya UKIMWI, akakutwa hana; atarudia baada ya miezi mitatu. Mwenzake naye lazima aje atibiwe, la sivyo ni kuzunguka palepale. Mama Gundi aliuliza swali moja tu, nalo lilimtoka kwa shida:

“Kuzaa je?”

Muuguzi hakumzunguka. “Ugonjwa tutauondoa. Kovu ndilo siwezi kukuahidi. Wengine wanazaa vizuri, wengine wanapata taabu. Hatutajua leo.” Halafu akamshika bega. “Na habari hizi ni za huyu mtoto, mama. Si zako kuzitoa. Si kwa jirani, si kwa ndugu, si kwa nani.”

“Sitazitoa,” alisema Mama Gundi.

Walipofika nyumbani alimlaza binti upande wake wa pazia, akasimama katikati ya chumba asijue aanzie wapi kuvunja. Alikuwa na hasira na binti, na hasira na huyo kijana, na hasira na wale “watu tu” wa darasani, na hasira na rafiki wa vidonge. Akaanza na aliyekuwa karibu.

“Kwa nini hukuniambia? Miezi minne! Tunalala chumba kimoja!”

“Ningekuambia nini?” Sauti ya binti ilitoka nyuma ya pazia, imekauka. “Ningekuambia kwa jina gani? Hata jina la hicho kitu kinachouma silijui, mama mdogo. Kule zahanati nilimwonyesha kwa kidole.”

Mama Gundi aliitazama mikono yake. Akaenda kuiosha kwenye beseni, akasugua gundi mpaka ngozi ikatoka damu, na gundi haikutoka.

Kijana alikuja zahanati siku ya pili. Binti alimwita mwenyewe. Mama Gundi alikaa benchini akiwa amepanga makofi mawili na maneno kumi. Lakini aliyetokea alikuwa mtoto wa darasa lile lile, ndevu hazijaamua kama ziote, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Alimwamkia, “Shikamoo, mama,” kwa sauti iliyopasuka katikati, halafu akamwuliza muuguzi kama sindano inauma. Naye alikuwa anaungua mwezi wa pili, na alikuwa anajitibu kwa soda na chumvi. Mama Gundi akabaki na makofi yake. Hasira yake haikupungua hata chembe. Ilihama tu, ikatafuta pa kukaa, na ikapata.

*

Jumatatu alimfuata Mzee Chapa mezani.

“Yale magunia ya stoo, ya karatasi za shule. Nayataka.”

“Ya nini?”

“Kuwashia jiko.”

Mzee Chapa akamtazama, akahesabu kichwani, akakumbuka kwamba mnunuzi hajaonekana muda mrefu na panya wameshaanza kuzigawana. Akapunga mkono. “Chukua. Usiseme sikusaidii.”

Mrefu ndiye aliyemsaidia kuyabeba. Alipotua la mwisho mlangoni kwa Mama Gundi alihema, akasema, “Jiko lako hilo litapika harusi ngapi?” Lakini alipoiona sura ya mama huyo hakungoja kicheko. Akauliza, “Kuna nini, dada?”

“Tulicheka, Mrefu. Unakumbuka? Wewe ulipiga mluzi na mimi nikasema afadhali.”

“Nakumbuka.”

“Basi nunua pini za stepla uje Jumapili asubuhi.”

Hakumwambia zaidi, na Mrefu, aliyekuwa na mabinti wawili, hakuuliza zaidi.

Karatasi zilikuwa zimevurugika. Elfu tatu na mia sita, 143 juu ya 151, 147 chini juu, nyingine zimeliwa pembe. Jumapili walizimwaga sakafuni wakaanza kuzipanga mafungu sita. Binti alikuwa kwenye siku ya kumi ya dawa. Homa ilikuwa imemwacha na uso umeanza kurudi. Alitoka nyuma ya pazia akajifunika shuka, akakaa akipanga na wao.

Halafu binti akaacha kupanga. Alikuwa ameshika ukurasa wa 149, na midomo inacheza bila sauti. Mwishowe sauti ikatoka:

“‘Dalili za mwanzo huwa ndogo, na watu wengi huzipuuza. Maumivu wakati wa kukojoa, uchafu usio wa kawaida, maumivu ya tumbo chini ya kitovu. Mgonjwa aende kituo cha afya mapema pamoja na mwenzi wake. Asitumie dawa alizobakiza mtu mwingine.’” Akainua macho. “Yamo. Mpaka vidonge vya rafiki vimo.” Akaanza kucheka, kicheko kibaya. “Ilikuwa imeandikwa! Mtu alikaa akaniandikia! Nani alikata, mama mdogo? Nani huyo, nimwone sura yake!”

Mrefu aliangalia ukuta.

Mama Gundi angeweza kusema kamati. Angeweza kusema mwenyekiti, na isingekuwa uongo. Alisema, “Mimi.”

Akamweleza yote, rula na wembe na siku tisa na sifa za daktari wa upasuaji. Hakujitetea na neno kazi ni kazi, ingawa lilikuja mpaka mlangoni mwa meno. Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya pazia, akalivuta likafunga. Hakuongea na mama yake mdogo siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya tatu, Mama Gundi aliporudi kutoka kazini, alikuta mafungu yote sita yamepangwa, pembe zimenyooshwa, kila moja limewekewa tofali juu. Binti alikuwa ameketi kando ya mafungu hayo.

“Zilizoliwa na panya nimezitoa,” alisema. “Zinatosha vijitabu mia tano na arobaini na moja. Wewe toboa, mimi napiga pini.”

*

Mkutano wa wazazi ulikuwa Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa shule. Ajenda ilikuwa dari, inavuja. Mwenyekiti alizungumza juu ya dari kwa muda ambao fundi angekuwa ameshaiziba. Mama Gundi aliketi mstari wa tatu, mfuko wa turubai katikati ya magoti. Alipoulizwa kama kuna mengineyo, akasimama.

“Mimi ni mlezi wa mwanafunzi wa hapa. Wengine mnanijua, nawajalidia vitabu. Nimekuja kusema kwamba vitabu vya sayansi vya watoto wenu vina upungufu wa kurasa kumi na mbili, na aliyezikata ni mimi.”

Minong'ono. Mwenyekiti akatabasamu kwa upande mmoja. “Mama, hilo ni suala la kamati, lilishaamuliwa. Ulifanya kazi nzuri, tunakushukuru, kaa.”

“Siketi. Nililipwa kuwakatia watoto wenu habari za miili yao wenyewe. Figo tuliwaachia. Udongo tuliwaachia. Wanajua kutunza udongo. Mtoto akiumwa chini ya kitovu hajui aite nini, anakwenda kwa mwenzake naye hajui, wanagawana vidonge kama pipi!”

“Nani anaumwa?” mwenyekiti aliuliza haraka. “Taja jina. Kuna mtoto wa hapa anaumwa magonjwa hayo? Taja tumjue!”

Shingo zikanyooka ukumbini kote. Jina lilimfika Mama Gundi kwenye ncha ya ulimi. Lingemsaidia. Lingewanyamazisha wote kwa mara moja. Alilimeza.

“Unaona?” alisema, na sauti yake sasa ilikuwa chini. “Unaona unachotaka? Hutaki kujua wanaumwa nini, unataka kujua nani. Ndiyo maana hawaji kwetu. Wakija, sisi tunatafuta jina.”

Mama mmoja wa mstari wa mbele akageuka. “Sasa wewe unataka watoto wafundishwe uhuni darasani?”

“Wameshafundishwa, dada yangu. Nyuma ya darasa, na waliofundishana hawajui kitu. Mimi wangu nilimwambia ajichunge. Na wewe wako ulimwambia nini? Haya, tuambie, umesimulia nini nyumbani kwako?”

Yule mama akatazama mbele tena.

“Umetumwa!” mwenyekiti alinguruma. “Kuna mashirika yanakulipa!”

“Aliyenilipa ni wewe! Uliniita daktari wa upasuaji!” Mama Gundi akaubinua mfuko, vijitabu vikamwagika kwenye meza ya kamati, juu ya makadirio ya dari. Vyembamba, jalada la karatasi ngumu ya kahawia, pini mbili mbili. “Karatasi zenu hizi. Sijaongeza hata nukta. Asiyetaka mwanawe asome, asome yeye kwanza, halafu aje aniambie neno gani humo ni matusi. Nipo, mnakujua kwangu.”

Mwenyekiti aliamuru vikusanywe, akaviita takataka. Walikusanya. Lakini Mama Gundi, akiwa anatoka, alimwona baba mmoja mwenye ovaroli ya gereji akikisokomeza kimoja ndani ya shati, na mama wa mstari wa mbele, yule yule, amekikalia kimoja kama kuku.

Jumatatu Mzee Chapa alimngoja mlangoni. Shule ilikuwa imeondoa kazi zake zote kiwandani, mitihani na ripoti na shajara.

“Uliniambia jiko,” alisema, na alionekana kaumia kweli. “Miaka ishirini na miwili, unanidanganya jiko.”

“Ulitakiwa uzichome, mzee. Mbona wewe hukuchoma?”

Lakini kiwanda kilikuwa chake, akamfukuza kazi palepale. Mama Gundi alichukua rula yake ya chuma, maana aliinunua mwenyewe, akaondoka. Mrefu alimsindikiza mpaka barabarani bila utani hata mmoja.

*

Wiki hiyo hiyo, alasiri, alibisha mlangoni msichana mwembamba mwenye chaki kwenye mkono wa gauni. Alikuwa mwalimu wa sayansi. Alibaki kusimama kizingitini.

“Nimekuja kuomba vile vijitabu. Arobaini, kama vipo.”

“Ulikuwa wapi?” Mama Gundi hakumkaribisha hata kiti. “Ulifika 140, ukaruka 153, watoto hamsini wanakutazama. Uliwaambia nini?”

“Niliwaambia mada ile haitoki kwenye mtihani.”

“Ukalala ukapata usingizi?”

Macho ya mwalimu yalijaa. “Niliambiwa niruke au niondoke. Nina mwaka mmoja tu kazini, mama.”

“Na mimi niliambiwa nikate.” Mama Gundi alitamani kuendelea kumkaripia, ilikuwa inampa nafuu. Lakini aliona anajikaripia mwenyewe kupitia sura ya mtoto wa watu. Akaingia uvunguni akatoa fungu. “Chukua sitini. Na usiwagawie tu kama vipeperushi. Wasomee. Wakicheka, waache wacheke, halafu uendelee kusoma.”

Vingine muuguzi aliviweka kwenye benchi la zahanati. Vingine Mrefu alivipeleka kwa baba wa gereji, aliyekuwa na vijana wanne wanaojifunza kazi na akasema atavifunga kwa waya karibu na choo ili wasome wasiibe. Mwenyekiti alitangaza kwamba mwanafunzi atakayekutwa na kijitabu atarudishwa nyumbani, na kwa tangazo hilo vikaanza kutafutwa hata na wasiosoma kitu.

Binti alimaliza dawa. Baada ya miezi mitatu alipimwa tena virusi, akakutwa hana, na tumbo likapapaswa bila kuruka. “Umepona,” muuguzi alisema. Juu ya kuzaa alirudia yale yale: hatujui. Walipotoka nje, Mama Gundi alitaka kusema Mungu atasaidia, au usijali, au chochote kile ambacho mtu mzima husema. Binti akamtangulia.

“Usinibembeleze, mama mdogo. Mimi bado nina hasira. Hata na wewe nina hasira.”

“Najua.”

“Sijui itaisha lini.”

“Isiishe kwa ajili yangu. Kaa nayo.”

Wakatembea. Mbele kidogo binti alisimama kwenye kivuli cha duka la viatu, akasema kuna msichana wa kidato cha pili amemfuata chooni shuleni, anaulizauliza kwa kuzunguka, anaogopa kuja zahanati peke yake.

“Unataka nimpeleke mimi?” Mama Gundi aliuliza.

“Hapana. Nitampeleka mimi. Wewe utatazama sura yake.” Kisha, baada ya hatua chache, “Lakini utusubiri nje. Kwenye benchi. Usiulize jina.”

“Sitauliza,” alisema Mama Gundi, na Alhamisi iliyofuata alikaa kwenye lile benchi tangu saa nane mchana, mikono imetulia mapajani, akiutazama ukuta wa mbele ili asije akamjua mtoto wa mtu.